Nilipompelekea chifu maono, alinifukuza kwa upole

Babu yangu alikuwa muumini wa Dini ya Musambwa, dhehebu la kwetu Bungoma. Mkoloni aliipiga marufuku mwaka 1948, polisi walipokwisha kuufyatulia umati risasi pale Malakisi, na serikali yetu wenyewe ikaipiga marufuku tena mwaka 1968. Elijah Masinde, mwanzilishi wake, aliwahi kuichezea Kenya kandanda, lakini tawala zote mbili zilimtia ndani. Kwa hiyo nikisikia serikali ianze kuchunguza madhehebu, sisi wa Bungoma tunajua virungu huishia kwenye mgongo wa nani.

Ila mwaka 2023, miezi michache baada ya maafa ya Shakahola, msitu wa Kilifi walikofia wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie kwa kufunga kula, mimi mwenyewe nilikwenda kwa chifu kushtaki kanisa.

Binamu yangu alikuwa amejiunga na kikundi cha maombi kwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko. Aliuza ng'ombe wa maziwa. Nilimfokea kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp, akajitoa, na kwa miezi miwili hakushika simu ya mtu yeyote wa kwetu. Hilo ni kosa langu, na ndilo ningekuomba usilirudie: ukimkatia mtu kamba ya nyumbani, nabii anabaki peke yake kumshauri.

Kwa chifu nilimwaga yote: ngoma za usiku, kanzu nyeupe, maono, mafuta ya upako. Alinisikiliza kalamu yake ikiwa na kifuniko. "Mwalimu," akasema, "hata Legio Maria wanavaa kanzu. Sasa nimkamate nani?"

Nilitoka nimenuna. Lakini alikuwa sahihi. Kifungu cha 32 cha Katiba kinampa binamu yangu haki ya kuamini hata ninachokiona upuzi.

Mara ya pili nilikwenda na shangazi, mama mzazi wa binamu, na daftari. Mtoto mkubwa wa binamu hakuwa amekanyaga shule tangu wiki ya tatu ya muhula, na mwalimu wake wa darasa alikuwa tayari kusema hivyo. Mdogo ana selimundu, ugonjwa wa damu unaotaka kliniki kila mara. Shangazi alitoa kadi ya kliniki kwenye leso: mihuri ya mwezi kwa mwezi, halafu nafasi mbili tupu. Chifu aliiangalia kadi ile kwa muda. Akafungua kalamu. Akampigia afisa wa watoto mbele yetu, na wiki iliyofuata mtoto alikuwa kliniki. Hakuna aliyemuuliza binamu anasali vipi.

Huo ndio uchunguzi ninaoukubali. Kanisa la Paul Mackenzie lilikuwa limesajiliwa. Cheti hakikuzuia miili zaidi ya 400 kufukuliwa msituni. Tena alikuwa amekamatwa tangu 2017, kwa mambo yaliyohusu watoto kuwekwa mbali na shule. Uzi ulikuwa mkononi, haukuvutwa hadi mwisho. Na msifikiri ni mambo ya Pwani tu: Aprili 2025 polisi waliwatoa watu 57 waliokuwa wakiishi ndani ya kanisa huko Opapo, Migori.

Jopo la Mchungaji Mutava Musyimi, lililoundwa na Rais baada ya Shakahola kuangalia sheria za mashirika ya dini, lilitoa ripoti yake 2024, na tangu hapo mabishano ni ya usajili na vyeti vya wachungaji. Wabishane. Wewe mwenye ndugu huko ndani, andika tarehe: lini mtoto aliacha shule, lini dawa zilikatizwa, lini shamba liliuzwa, nani amezuiwa kutoka. Ukienda kituo cha polisi, usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Kama ni mtoto, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Mambo ya mafundisho waachie wachungaji wenzao.

Binamu bado anasali kule kibandani. Juzi alipita na viazi vitamu, akakaa hadi giza likaingia. Alianza kunieleza ndoto ya nabii, nikammiminia chai nyingine, nikamuuliza kliniki ni tarehe ngapi. Akafungua mkoba, akatoa kadi.