"Ulikuwaje kabla ya upasuaji?" Hicho sio kipimo

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) kwenye hospitali ya mkoa, tuna miaka miwili tangu tuanze kuweka magoti bandia. Uongozi unataka ripoti ya matokeo kwa jinsi wagonjwa wenyewe wanavyojiona kiafya. Shida ni kwamba kabla ya upasuaji hatukuwajazisha dodoso lolote, kwa hiyo nimepewa kazi ya kuwapigia simu wote, niwaulize hali zao sa hivi na hali zao za kabla, halafu tutoe tofauti. Kuna jamaa pia anatuuzia dodoso lake, anasema ndani ya wiki mbili ripoti iko mezani. Tutumie lake, EQ-5D (dodoso la afya kwa ujumla) au Oxford (dodoso la goti)? Na watu wangapi wanatosha?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Dodoso lipi na watu wangapi nitafika huko, ila hapo katikati umeandika kitu ambacho naletewa karibu kila mwezi na kila mara kinaniuma: niwaulize leo hali zao za kabla, halafu tutoe tofauti. Usifanye hivyo. Au ukiuliza, usiende kuandika kwenye ripoti kwamba ulipima kabla, maana hukupima.

Mtu aliyewekewa goti miezi 8 iliyopita ukimuuliza leo maumivu yalikuwaje, yale maumivu hayajakaa mahali yanamsubiri aje kuyachukua. Anachofanya ni kujiangalia alivyo leo halafu ya zamani anayajenga kutokea hapo. Kama leo anafika sokoni na kurudi kwa miguu yake, atakwambia zamani nilikuwa siwezi kabisa, nilikuwa wa kubebwa. Kama goti bado linamkera atakwambia heri nilivyokuwa zamani. Hakuna aliyedanganya hapo. Halafu kumbuka familia imechangishana, pengine kuna ng'ombe ameuzwa, mtu kukutamkia kwamba haikumsaidia ni mzigo mkubwa.

Na hata yule aliyejazishwa vizuri kabla, kipimo chake cha ndani kinahama. Mtu amekaa na goti bovu miaka 10 amelizoea, anajipa 60 katika 100, baada ya upasuaji ndio anagundua alikuwa anaishi vipi na sasa ile hali ya zamani angeipa 30. Watafiti Mirjam Sprangers na Carolyn Schwartz waliandika sana juu ya hili mwaka 1999, na kuna watafiti wanaouliza makusudi "ukiangalia nyuma ungejipa ngapi", lakini wanauliza PAMOJA na alama halisi iliyochukuliwa kabla, ili waone kipimo kimehama kiasi gani. Sasa watu wamechukua lile swali la kuangalia nyuma peke yake wakalifanya njia ya mkato.

Kuna jambo lingine ambalo sisi waongeaji wa Kiswahili tuna kesi maalum. Niliwahi kukaa kwenye benchi la kliniki na mama mmoja, mguu kaunyoosha mbele kwa sababu haukunjiki, namuuliza mama afya yako leo ikoje, ananijibu nzuri tu mwanangu, tunamshukuru Mungu. Nikamwonyesha ule mstari wa EQ-5D uliosimama kama kipimajoto, 0 chini 100 juu, akaweka kidole kwenye 90. Nikamuuliza swali la Oxford, unaweza kupiga magoti na kuinuka tena? Akanyamaza kidogo, akasema huu mwaka wa tatu nasali nimekaa kwenye kiti. Ile 90 ilikuwa salamu. Mtu mzima akiulizwa hali anajibu njema, ndio adabu tuliyolelewa nayo, na ukimpigia simu ukaanza na "mama hujambo, unaendeleaje tangu tukufanyie upasuaji" umeshamfunga mdomo. Tena mbaya zaidi akipiga daktari aliyempasua. Apige mtu asiyehusika na matibabu yake, asome maswali kama yalivyoandikwa.

Kwa hiyo dodoso: tumia yote mawili. EQ-5D inauliza vitu vitano (kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, wasiwasi na huzuni) pamoja na ule mstari, na inauliza kuhusu LEO. Oxford ya goti ina maswali 12 kuhusu wiki 4 zilizopita, kila swali 0 hadi 4, jumla 48, na kubwa ndio nzuri. Angalia sana hapo, mfumo wa zamani ulikuwa 12 hadi 60 na ndogo ndio nzuri, nimeona mafaili mawili yameunganishwa bila mtu kushtuka. Tafsiri ya Kiswahili ya EQ-5D ipo, iombeni kwa EuroQol, ndio wenye dodoso hilo, na Oxford nayo ina wenyewe wanaotoa kibali. Msikae ofisini mkatafsiri jioni moja. Huyo jamaa mwenye dodoso lake mwulize lilijaribiwa kwa nani, wapi, na mtu yuleyule akijaza mara mbili ndani ya wiki bila hali kubadilika anapata alama zinazokaribiana? Akianza kuzunguka, mwageni. Mengi ya hayo niliyoyaona ni "umeridhika na huduma?" yamevishwa nguo nyingine, na mtu anaweza kuridhika sana na manesi huku goti linamtesa usiku.

Uingereza kuanzia Aprili 2009 waliagiza hospitali zinazofanya nyonga, magoti, ngiri na mishipa ya damu iliyovimba miguuni kwa fedha za serikali ziwape wagonjwa fomu kabla ya kisu, kisha tena baada ya miezi 6 kwa nyonga na magoti, miezi 3 kwa ngiri na mishipa. Hizo mbili za mwisho wakaziacha 2017. Wagonjwa wengi wa ngiri wanaingia wakiwa hawana shida kubwa kwenye vile vitu vitano, sasa alama ipande kwenda wapi? Hilo usingelijua kama hukupima kabla.

Watu wangapi? Hilo swali linakuja mapema mno. Chukua kila anayeingia thieta kwa goti, usichague, na mwishoni hesabu waliopotea. Asiyepokea simu anaweza kuwa amefariki, amepata maambukizi akahamia hospitali nyingine, au amerudi kijijini. Ukiripoti waliopokea tu umeripoti waliopona. Na kumbuka pia watu huja kwenye kisu maumivu yakiwa yamefika juu kabisa, nafuu nyingine ingekuja yenyewe, usiipe goti bandia sifa yote.

Wanaovunjika kwa ajali ndio kesi tofauti, huyo huwezi kumpima kabla, hapo unamuuliza ndani ya siku chache alikuwaje kabla hajaanguka na unaandika wazi kwamba ni kumbukumbu. Magoti yenu yanapangiwa tarehe. Hakuna kisingizio.

Na hili nawaambia wote wanaosoma hapa, sio fizio wetu peke yake. Ukiona bango la kliniki, au muuza mafuta ya magoti, anasema asilimia 95 ya wateja wake wamepata nafuu, muulize walipimwa lini, na nani, kwa maswali gani, na wale ambao hawakurudi wako wapi. Nimeona wazee wakiuza shamba kwa sababu ya namba ya hivyo, namba iliyotoka kwa mtu kuulizwa mbele ya aliyemtibu, "mzee si unaona tofauti?"

Wewe fanya hivi. Wale wa miaka miwili wapigie, uliza hali yao ya sasa tu, ripoti kama hali ya sasa, na idadi ya ambao hukuwapata. Wapya wajaze kwenye kliniki ya maandalizi, wiki mbili tatu kabla, sio asubuhi ya upasuaji wakiwa wameshavaa gauni na moyo unaenda mbio, kisha wajaze tena miezi 6 baada ya upasuaji. Asiyejua kusoma asomewe, na sio na mtoto wake, kuna mambo mama hasemi mbele ya mwanae. Mkianza mwezi huu, namba za kwanza za kweli mtaanza kuzipata baada ya miezi kama 7. Kamwambie bosi hivyo kabla hajamlipa yule jamaa wa wiki mbili, na kama anataka kubishana mpe namba yangu.