Cherehani imekwama, na mikono nayo imesahau

*Shangazi, nina miaka 54, naishi Tanga. Watoto wamehama, nikaamua kusafisha stoo. Nilipotoa mabegi na magodoro mabovu nikaikuta cherehani yangu ya kukanyaga, niliyoiacha alipozaliwa kitindamimba, pamoja na vitambaa nilivyoanza kudarizi. Moyo ulinienda mbio. Lakini gurudumu halizunguki, mume wangu anasema tuiuze chuma chakavu, na mimi naogopa nimeshasahau. Nifanyeje?*

Dada yangu, usiiuze. Mnunuzi wa chuma chakavu ataipima kwa kilo tu, na ukitaka nyingine itakugharimu zaidi ya hicho utakacholipwa. Cherehani iliyolala miaka mingi stoo mara nyingi haijafa: mafuta ya zamani yameganda kwenye viungo vyake, au uzi umejisokota pale bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, inapokaa.

Anza na uzi. Toa bobini na kikombe chake, uvute vipande vyote kwa kibano. Kisha tia tone moja moja la mafuta ya taa katika kila tundu la mafuta na kila sehemu chuma kinaposuguana na chuma, mbali na jiko, dirisha likiwa wazi. Iache mpaka kesho yake. Zungusha gurudumu kwa mkono, mbele na nyuma kidogo kidogo. Likigoma, ongeza mafuta ya taa na usubiri tena. Ukilazimisha utavunja kitu. Likishalainika, futa uchafu wote, halafu tia mafuta ya cherehani, yale meupe ya kichupa kidogo. Usiruke hatua hii, kwa sababu mafuta ya taa huyeyusha uchafu lakini hayalainishi chuma. Mafuta ya kupikia usiyaguse kabisa: yataganda upya. Na kama mwili wake una maua ya dhahabu, usiyafute kwa spiriti, yatabanduka.

Mkanda wa ngozi ukiteleza, ukate kama sentimita 1 na uufunge upya kwa waya wake.

Sasa mikono. Kwa cherehani ya kukanyaga, miguu ndiyo husahau zaidi: gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Kwa hiyo siku za mwanzo usitie uzi. Weka sindano kuukuu, chukua karatasi ya daftari yenye mistari, ushone juu ya mistari hiyo mpaka matundu yanyooke. Sindano hiyo baadaye itupe, karatasi inaifanya butu.

Ukiwa tayari, nunua sindano mpya namba 14 na uzi mpya. Uzi wa zamani uvute kwa mikono miwili. Ukikatika kirahisi umeoza, nao utakufanya uilaumu mashine bure. Mfereji mrefu wa sindano uwe upande uzi unapoingilia. Tunga uzi mguu wa kukandamizia ukiwa umeinuliwa, ili uingie vizuri kati ya visahani vya kukaza uzi wa juu. Hili huwasumbua wengi: vitanzi vikijaa chini ya kitambaa, watu hukimbilia kuchezea bobini, kumbe uzi wa juu haukukaa kwenye visahani. Kila unapoanza, shika ncha zote mbili za nyuzi, kama sentimita 10, kwa mishono mitatu ya kwanza.

Kazi ya kwanza iwe doti ya khanga. Ikate katikati, ukunje kingo zilizokatwa nusu sentimita mara mbili, upige mshono mmoja ulionyooka. Ipinde kabla ya kuifua, maana ikiwa bado na dondo, ule wanga wa kitambaa kipya, mkunjo hukaa wenyewe, na kingo hazifumuki. Gauni lisubiri.

Usiirudishe stoo hata siku moja. Umepata nafasi ndani ya nyumba, basi iweke karibu na dirisha, uzi ukiwa umetungwa, ili hata dakika 20 za jioni zikutoshe. Vitambaa vya kudarizi vifue, uvikunje, viwekwe kando. Ukianza vyote wiki moja utaviacha vyote.

Kwa mume wako, chukua suruali yake yenye mguu mrefu uipunguze, ila baada ya doti ya pili au ya tatu. Majirani wakileta sare za watoto, waambie bado. Utakapowapokea, bei itajwe kabla kitambaa hakijaguswa.