Tumeze dawa mseto kabla ya kwenda Kigoma?

Swali: Shikamoo daktari. Naishi Kibosho, Moshi. Mwezi ujao naenda Kigoma kwa mama mkwe wiki tatu na mwanangu wa miaka 4. Jirani anasema tumeze kabisa dozi ya dawa mseto ili malaria isitupate. Ni sawa?

Jibu: Marahaba, mama. Hapana, msimeze. Dawa mseto (ALu, yaani artemetha na lumefantrini) ni ya kutibu. Artemetha huisha mwilini ndani ya saa chache na lumefantrini hubaki siku kadhaa tu, kwa hiyo kinga itawaishia kabla wiki tatu hazijakwisha.

Kuuliza umefanya vyema. Baridi ya Kibosho huzuia vimelea kukomaa ndani ya mbu, ndiyo maana mtoto wako hana kinga waliyonayo binamu zake wa Kigoma. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta malaria kwa watoto 24 hivi kati ya 100 wa chini ya miaka 5 mkoani Kigoma. Kilimanjaro hakufika hata mmoja.

Dawa ya kujikinga ipo: atovakwoni na proguanili. Huanza siku 1 au 2 kabla ya safari, kila siku pamoja na chakula, hadi siku 7 baada ya kurudi. Mtoto hupewa kwa kilo zake, basi apimwe kwanza. Bei yake inauma, sikufichi. Doksisaiklini ni nafuu ila haimfai mtoto wa umri huo. Kama una ujauzito, usinunue chochote kabla ya kupita kliniki.

Bebeni chandarua chenu chenye dawa. Vya ugenini mara nyingi vina matundu ya kupitisha kidole.

Ninachohofia zaidi ni mkisharudi. Malaria hujitokeza baada ya wiki moja au zaidi, pengine hata miezi miwili. Homa ikija mko Kibosho, wengi watawaza mafua au UTI. Ukifika zahanati tangulia kusema, "Tumetoka Kigoma," kisha omba kipimo cha malaria. Ni tone la damu ya kidole, na majibu hutoka ndani ya dakika 20 hivi. Ikionekana, hapo ndipo ALu: dozi 6 kwa siku 3, ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, na maziwa au chakula chenye mafuta ili dawa ifyonzwe. Akidegedeka, akilegea au akitapika kila kitu, mpeleke hospitali usiku huohuo.