Mtawala akiamuru uovu: maswali yenu kuhusu Warumi 13

Mchungaji, Paulo ameandika, "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu." Hakuna pa kutokea?

Papo, ila ni padogo. Farao aliwaagiza wakunga Shifra na Pua waue watoto wa kiume wa Waebrania, nao wakawaacha hai. Petro naye alilijibu baraza la Wayahudi la Yerusalemu, lililomkataza kufundisha kwa jina la Yesu, "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu." Wote hao waligoma kutenda dhambi. Mkuki hakuna aliyeshika.

Kwa hiyo silaha ni mwiko kabisa?

Hapo ndipo Waprotestanti wa karne ya 16 walipoumiza vichwa. Mwaka 1548 Kaisari Charles V, akiwa amewashinda vitani, aliwawekea utaratibu wa ibada uliowarudisha karibu na Kanisa Katoliki la Roma. Mji wa Magdeburg, Ujerumani, ukakataa. Wachungaji wake wakatoa ungamo la imani mwaka 1550: mtawala mkuu akiishambulia imani yenyewe, watawala walio chini yake wana wajibu wa kuwakinga watu, hata kwa upanga. Mji ukazingirwa hadi Novemba 1551.

Tazama wajibu huo waliupa nani: baraza la mji, watu wenye dhamana. Mwanamatengenezo wa Kanisa John Calvin naye alimkataza raia wa kawaida kujichukulia upanga, lakini akasema wale waliowekwa kuzuia jeuri ya wafalme wakinyamaza, wanawasaliti watu wao. Mimi nasimama hapo. Mwenye dhamana akikaa kimya, simwiti mpole.

Nani ataamua kwamba mtawala ni dhalimu? Kila mwenye hasira atasema hivyo!

Swali lako linaninyima usingizi. Wale wa Magdeburg walipanga madhara kwa ngazi. Yale madogo, walisema, yavumiliwe. Daudi alikuwa amekwisha kupakwa mafuta awe mfalme, na bado alipompata pangoni Mfalme Sauli aliyekuwa akimwinda alikata pindo la vazi lake tu, kisha moyo ukamchoma hata kwa hilo.

Na dhamana yenyewe huchakachuliwa. Mfalme Charles I wa Uingereza alikatwa kichwa Januari 1649 kwa jina la Bunge, lakini Desemba iliyotangulia wanajeshi walikuwa wamesimama mlangoni na kuwazuia wabunge wasiowataka. Bunge lililochujwa kwa bunduki linamsemea nani?

Kwetu maaskofu wakikemea huambiwa wanaingilia siasa. Wanyamaze?

Hapana. Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda (Anglikana) walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu wa askari wake. Barua tu. Askofu Mkuu Janani Luwum akatuhumiwa kuficha silaha, akakamatwa tarehe 16 mwezi huohuo. Serikali ikatangaza amekufa kwa ajali ya gari, yeye na mawaziri wawili. Walioiona maiti yake waliona matundu ya risasi.