Maswali ya wasomaji: Canterbury kwa miguu, Desemba hii

*Shkamoo anti. Mimi kijana wa Dodoma nipo Reading, Uingereza, mwaka wa tatu sa hivi. Kanisani kwetu tuko Waanglikana kama saba, Watanzania na Wakenya, tumepanga likizo ya Krismasi tutembee ile Njia ya Mahujaji toka Winchester mpaka Canterbury. Nimesoma ni maili 120 hivi, tukasema siku sita zinatosha manake wote vijana na hamna mwenye kitambi. Sasa kazini wenyeji wananicheka, eti mwenye akili zake haendi huko msimu wa baridi. Tuende tusiende? Na tubebe nini?*
*Mgogo wa Reading*

Marhaba mwanangu. Nendeni, ila sio siku sita na sio kutokea Winchester.

Hebu piga hesabu na mimi. Maili 120 ni kilomita 190 na kitu, gawa kwa sita unapata 32 kwa siku. Mwisho wa Desemba kule Kent, mkoa wenye Canterbury, jua linachomoza saa mbili asubuhi na saa kumi jioni limeshazama, ndio, saa kumi, ile ambayo Dodoma watu ndo kwanza wanatoka ofisini na jua linawachoma kisogoni. Kwa hiyo una masaa nane ya mwanga, na kwenye tope mtu mzima anayejua kutembea anaenda kilomita tatu kwa saa akijitahidi, nane mara tatu ishirini na nne, na hapo hujakaa chini hata kunywa chai. Kila siku mtamalizia na tochi. Nyie mnaogopa baridi, baridi utavaa sweta, giza na tope ndo vitawatoa roho.

Na hilo tope usilichukulie poa. Ile safu ya vilima mnayoifuata, North Downs, ni mawe ya chaki, ikinyesha juu ya chaki njia inakuwa nyeupe na inateleza kama umemwaga maji ya sabuni kwenye sakafu. Af ukipanda juu kabisa unakuta mfinyanzi uliochanganyika na mawe ya gumegume, huo hautelezi, huo unanata, hatua kumi kila kiatu kimeongezeka kilo. Mwaka juzi Januari mguu wangu wa kulia ulitoka kwenye kiatu ukabaki na soksi, kiatu kimezama, nimesimama mguu mmoja kama korongo nashikilia waya wa fensi ya kondoo, na wale kondoo wote wamegeuka wananiangalia.

Mimi ningewashauri mkate kipande cha mwisho tu. Pandeni treni mpaka Charing, kijiji kipo kwenye reli, zamani Askofu Mkuu wa Canterbury alikuwa na jumba lake pale la kupumzikia njiani. Siku ya kwanza Charing mpaka Chilham, kilomita 16 hivi, mnapita Eastwell penye magofu ya kanisa pembeni ya ziwa, mnaingia King's Wood, msitu mkubwa, mnatokea Chilham. Chilham nayo ina stesheni, so mnachukua treni mnaenda kulala Canterbury penye hosteli na chakula cha maana, asubuhi mnarudi na treni palepale mlipoishia mnamalizia kilomita kama 11. Mahujaji wa zamani wangekuwa na treni wangepanda, usione aibu. Ila angalieni ratiba mapema, tarehe 25 treni hazipo, 26 karibu hazipo pia, na kati ya hapo na mwaka mpya wanapenda sana kufumua reli kufanya matengenezo.

Sasa hao wanaokucheka kazini. Waambie hivi: Thomas Becket, Askofu Mkuu ambaye ndo sababu ya hija yote hiyo, aliuawa tarehe 29 Desemba 1170, jioni, baridi hiyohiyo, wapiganaji wanne wa Mfalme Henry II wakamkatakata kwa mapanga ndani ya kanisa lake mwenyewe. Sikukuu yake ni tarehe hiyo mpaka leo. Ile nyingine ya 7 Julai ilikuja baadaye, 1220, walipohamishia mwili kwenye kaburi la juu la dhahabu na vito. Kwa hiyo msimu wenu ndo wenyewe kabisa, wao wa kiangazi ndo wanaofuata hali ya hewa. Na Henry mwenyewe alipokuja kutubu 1174, akavua viatu kanisa la St Dunstan's nje ya geti la mji akaingia pekupeku, wamonaki wakamchapa viboko, ilikuwa Julai. Mjanja.

Pangeni muingie mjini mchana wa tarehe 29. Mtapitia Harbledown, hapo mahujaji ndo walikuwa wanauona mnara wa kanisa kwa mara ya kwanza, kulikuwa na nyumba ya wakoma pale na Erasmus, yule msomi wa Uholanzi, alipita wakamtolea kiatu cha Becket ili akibusu. Mkishuka mnapita mlangoni pa hiyo St Dunstan's, mnaingia geti la Westgate. Kutalii kanisa kuu kuna kiingilio ila Sala ya Jioni ni bure, na siku hiyo wanafanya kumbukumbu pale alipoangukia. Angalieni saa kabla hamjaondoka. Ni palepale Papa John Paul II na Askofu Mkuu Runcie walipiga magoti pamoja 1982. Na mkipata nafasi pandeni juu lilipokuwa kaburi, Henry VIII alilivunja 1538 akabeba dhahabu yote, kumebaki sakafu tupu na mshumaa mmoja unawaka katikati. Mawe ya ngazi za kupandia yamebonyea kwa magoti na miguu ya watu, weka kiganja uone.

Vitu vya kubeba. Suruali za jinzi acha nyumbani, na fulana za pamba, vikilowa havikauki na vinakuganda mwilini. Sufu ndo mwenyewe, nenda duka za hisani hapo Reading utapata sweta la sufu kwa bei ya chipsi, ile ndo mitumba yenyewe kabla haijapanda meli kuja kwetu. Koti la mvua na suruali ya mvua. Buti za kufunga kamba zinazovuka kifundo, gambuti hapana, zitakuchubua visigino kabla hujafika Eastwell. Fimbo, hata ya mti. Tochi ya kichwani kila mtu na yake, sio moja ya kikundi. Ramani ya karatasi, manake baridi inamaliza chaji ya simu haraka mno, mimi yangu ilizima na asilimia 30 katikati ya huo msitu saa tisa alasiri na nilikuwa sina kitu kingine, nikafuata mlio wa magari mpaka nikapata barabara. Simu iweke mfuko wa ndani ubavuni. Chai ya tangawizi kwenye themosi. Na mfuko wa Rambo wa viatu, msije mkaingia na lile tope kanisani.

*Asalaam aleykum. Mie mtu wa Tanga nipo Milton Keynes, mume wangu kaalikwa na wenzie wa kazini kutembea huko huko Kent na mie nataka kwenda. Sie Waislamu, tunaruhusiwa? Na sala inakuwaje?*
*Mama Wawili*

Waaleykum salaam dada. Njia ni ya umma, hata inapokatiza katikati ya shamba la mtu, hakuna anayeuliza dini. Nyie fuateni vibao vya mshale na alama ya tunda la mwaloni, na geti lolote la mifugo mkilikuta limefungwa lifungeni, likiwa wazi liacheni.

Sala ndo ya kupanga, manake Desemba adhuhuri, alasiri na magharibi zinabanana, saa sita na kitu, saa nane kasoro, saa kumi, mtu hajakunja mswala unamwita tena. Chukua wenye plastiki kwa chini, hakuna nchi kavu. Kibla kutokea huku ni kusini mashariki, na ukitembea toka Hollingbourne kwenda Charing njia yenyewe inaelekea hukohuko, kwa hiyo hata dira huhitaji, unasimama ulivyokuwa unaenda.

*Anti nimesikia hiyo Njia ya Mahujaji ni uongo tu, hawakupita hapo. Kweli?*
*Mbishi, Mombasa*

Nusu kweli. Njia ya kule juu ya vilima ni ya kale mno, watu walipita kabla hata ya Warumi, na waliotokea Winchester lazima wengine waliifuata. Lakini hilo jina na ile habari ya mstari mmoja toka mwanzo mpaka mwisho ni mambo ya karne ya 19, wachora ramani wa serikali waliliandika likakaa. Wengi walitokea London, Southwark, wakashika barabara ya Kirumi kupitia Rochester, kama wale wa hadithi za Chaucer, yule mshairi Mwingereza wa zamani. Sehemu kubwa ya barabara hiyo leo ni A2, malori mwanzo mwisho. Ukiitaka hiyo ya kweli kaka yangu pita, mimi sikusindikizi.