Rili ya babu: niing'arishe kabla ya kuiuza?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Mkenya, naishi Newcastle, Uingereza. Marehemu babu yangu alikuwa akiwaongoza wageni kuvua trauti Mto Gura, huko Nyeri, na mmoja wao alimwachia rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi wa kuvulia, ya kampuni ya Kiingereza ya Hardy, iliyoandikwa "Perfect", ya inchi 3⅛. Imekuwa nyeusinyeusi, na kishikio chake kina rangi ya maziwa. Mwezi ujao kuna maonyesho ya wakusanyaji wa vifaa vya kale vya uvuvi, nami nimeshalipia meza. Je, niisugue kwa dawa ya kung'arishia shaba? Na nitaje bei gani? Rafiki yangu anasema kuna chambo bandia cha zamani kilichouzwa zaidi ya dola 100,000.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Dawa hiyo usiiguse. Weusi unaouona si uchafu. Kule Alnwick, kaskazini kidogo ya hapo ulipo, Hardy walizipa rili zao za aluminiamu rangi ya risasi, kijivu cha moshi, na hiyo ndiyo wanunuzi wanayoitafuta. Ni utando mwembamba sana. Ukisugua dakika chache unatoka, na haurudi. Niliwahi kuletewa rili iliyosuguliwa ikang'aa kama sufuria ya dukani. Mwenyewe alidhani ananifurahisha. Mimi niliumia, maana miaka yake yote ilikuwa imebaki kwenye kitambaa.

Kama kuna mshipi wa hariri, utoe, kwa sababu hunyonya unyevu na kuila rili kwa ndani. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu. Penye ukungu wa kijani kwenye shaba, tumia kijiti cha meno, taratibu. Ukitaka kuifungua, ifungulie juu ya taulo, kwani Perfect huzungukia gololi ndogo za chuma, na katika zile za mwanzo kabisa gololi hizo zimeachwa wazi, zinaweza kumwagika. Skrubu usiziguse kama huna bisibisi inayokaa sawasawa kwenye mfereji wake. Kichwa cha skrubu kilichochubuka huonekana upande wa pili wa meza.

Mnunuzi mzoefu ataanzia kwenye mguu, lile bamba la chini linalofungwa kwenye fimbo. Wavuvi wengi walilipiga tupa ili liingie kwenye fimbo zao, na mguu uliopunguzwa hushusha bei kuliko mikwaruzo kumi ya ubavuni. Pitisha kidole kwenye ncha zote mbili: zinatakiwa zilingane kwa urefu na unene. Kisha atazungusha kishikio akiiweka rili karibu na sikio, asikilize mlio wa breki kama ni wa mfululizo au unaruka. Mwisho ataomba kuona ndani, ambako mara nyingi kuna herufi za fundi aliyeiunganisha. Sehemu hiyo mimi naipenda kuliko zote, mkono wa mtu aliyekaa benchi Alnwick enzi hizo.

Kuhusu kishikio, kuwa makini. Rili za shaba za mwanzo zilikuwa na vishikio vya pembe za ndovu. Za aluminiamu kwa kawaida zina pembe ya bandia. Tazama ncha yake kwa kioo cha kukuzia. Pembe halisi ina mistari inayokatana kama wavu. Ya bandia haina, au ina mistari iliyonyooka inayofuatana. Usijaribu kwa sindano ya moto, kwani baadhi ya vitu hivyo vya bandia hushika moto upesi. Ikiwa ni pembe halisi, usiiweke mezani. Tangu Juni 2022 sheria ya Uingereza inakataza biashara ya pembe, isipokuwa vitu vichache vilivyoruhusiwa na kusajiliwa kwanza.

Sasa bei. Chambo alichokisikia rafiki yako ni samaki wa shaba wa Riley Haskell wa Ohio, Marekani, mwenye hataza ya mwaka 1859. Kimoja kikubwa kiliuzwa mnadani dola 101,200 mwaka 2003, kwa kuwa vya aina hiyo karibu havipatikani. Perfect imetengenezwa tangu miaka ya 1890, na 3⅛ ni saizi ya kawaida kabisa, kwa hiyo thamani ya yako iko kwenye hali yake. Tafuta bei ambazo rili kama hiyo imeuzwa kweli minadani, wala si bei wanazoomba wauzaji. Chukua tatu au nne za hali inayofanana, ndipo uandike yako kwenye kikaratasi, ukiacha nafasi ya kupatana.

Fika mapema. Wenye meza huuziana wao kwa wao kabla umma haujaingia, na hapo ndipo wafanyabiashara hununua ili wauze tena saa mbili baadaye. Mtu akitoa pesa taslimu haraka haraka bila kuuliza neno, mwambie utafikiria, utembee meza nyingine kwanza.

Na andika habari za babu: jina lake, mto, miaka aliyofanya kazi, na picha kama ipo. Trauti wa Gura walipandikizwa mwaka 1905 na Ewart Grogan, na wakusanyaji wa Uingereza wanaijua mito ile. Rili iliyokuja na karatasi hiyo si sawa na iliyookotwa kwenye boksi. Ila nakala moja ya karatasi ibaki kwako, hata rili ikiondoka.