Swali: Nijiunge na TESPOK nipate KIXP, au provaida wangu anatosha?

SWALI: Injinia, habari za kazi. Nina kampuni ndogo ya intaneti huku Kilifi, faiba za majumbani na minara michache ya wayalesi, saa tatu usiku tunagonga kama Mbps 900. Nanunua yote kwa provaida mmoja na IP (anwani za mtandao) ni zake. Wateja wanasema YouTube iko poa ila tovuti za hapahapa Kenya zinavuta, na kweli nikipiga ping (kipimo cha muda wa pakiti kwenda na kurudi) seva ya mteja wangu iliyoko data senta ya Nairobi napata 168ms. Rafiki yangu kasema nijiunge TESPOK, chama cha makampuni ya mitandao, nipate KIXP, ile swichi ambapo mitandao ya Kenya inabadilishana trafiki moja kwa moja, itaisha. Provaida naye anasema yeye yuko KIXP tayari, nisitupe pesa. Nani mkweli? Na chama chenyewe kitanipa nini zaidi ya cheti cha kutundika ukutani?

JIBU: Salama kaka. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli na ping yako ikabaki palepale 168, maana kuwa KIXP ni jambo moja na IP unazotumia wewe kutangazwa pale, yaani wengine kuambiwa wakufikie kwa njia hiyo, ni jambo jingine kabisa.

Hebu tuanze na hiyo 168 kwa sababu inaongea sana. Ndani ya faiba mwanga unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hesabu ya haraka ni milisekunde 1 kwa kila kilomita 100, kwenda na kurudi. Kilifi mpaka Nairobi, hata faiba izungukezunguke vipi, pamoja na rauta za njiani, hupaswi kuzidi 15 hivi. 168 ni Ulaya hiyo. Lakini angalia, ingekuwa pakiti inazunguka Ulaya wakati wa kwenda na pia wakati wa kurudi ungeona 300 na zaidi. Kwa hiyo nikibahatisha kutoka hapa nilipo, upande mmoja tu ndo unaopotea, upande wa pili uko sawa.

Sasa piga traceroute (inaorodhesha rauta za njiani) kutoka kwako kwenda kwa hiyo seva na usome majina ya rauta, usikimbilie namba peke yake. Ukiona nbo ujue ni Nairobi, mba Mombasa, mrs Marseille, lhr au lon London, ams Amsterdam. Ukiona mrs au lhr katikati umepata jibu, unapotea ukienda. Ila mimi nadhani utaona kitu kingine, utaona mba, nbo, halafu seva, majina yote ya nyumbani, na namba inaruka ghafla kutoka 9 kwenda 168 ukifika kwenye mtandao wa data senta. Hapo watu wengi hulaumu data senta. Traceroute inakuonyesha njia ya kwenda tu kaka, muda inaokupa ndo umejumlisha na wa kurudi. Kwa hiyo mwambie mteja wako aingie kwenye seva yake apige traceroute kuja kwenye IP yako, naweka dau London itajitokeza hapo.

Kwa nini irudi kupitia London ilhali provaida yuko KIXP? Sababu ninayokutana nayo sana ni hii: provaida ana bloku kubwa ya IP, tuseme /20 (namba ya mkwaju ikipanda bloku inakuwa ndogo), anaitangaza KIXP vizuri kabisa, halafu ile /24 ndogo aliyokukatia wewe ndani yake anaitangaza peke yake kwa mzabuni wake wa London, labda alikuwa anasawazisha trafiki kwenye laini zake na akasahau kuiondoa. Rauta ikiwa na chaguo mbili haiulizi ipi iko karibu, inachukua bloku iliyo ndogo zaidi kwanza, mambo mengine baadaye. Basi mtandao wowote wa Nairobi unaopata ile /24 kutoka London unakurudishia pakiti kupitia London, na ile /20 ya KIXP ipo tu imekaa. Provaida akicheki swichi ya KIXP anaona sesheni ziko juu, anakwambia "sisi tuko sawa", na hakudanganyi. Ingia tovuti ya RIPEstat au bgp.he.net, weka IP yako ya nje, ona ni bloku gani inayoonekana duniani na inapitia kwa nani. Ukikuta /24 imesimama peke yake, mtumie provaida barua pepe fupi, traceroute zote mbili ndani, umwambie atangaze hiyo /24 na KIXP pia au aache kuitangaza peke yake. Kazi ya dakika chache kwa mtu wao wa BGP (lugha ambayo rauta za mitandao hutangaziana njia), shida ni kumpata mwenyewe huyo mtu, maana dawati la huduma kwa wateja litakwambia uzime rauta uwashe.

YouTube iko poa kwa sababu Google wana seva za kache (zinazotunza nakala za video karibu) humu nchini ndani ya mitandao ya maprovaida, video haitoki Ulaya. Hiyo haihusiani na tatizo lako.

Haya, sasa chama. TESPOK ni chama cha makampuni ya huduma za teknolojia Kenya, kilianzishwa 1999, na KIXP ndo kazi yake inayojulikana zaidi. Vijana wengi wa mitandao siku hizi wanakiona kama ofisi ya kulipia ada tu na nadhani ni kwa vile hawajui ilivyokuwa. Kabla ya KIXP mtu wa Nairobi akimtumia barua pepe jirani yake aliye kwa provaida mwingine ilipanda setelaiti, inaenda Ulaya au Marekani, inashuka tena, na kila kampuni inalipia safari zote mbili kwa dola. Makampuni yakakubaliana yaweke swichi moja wakutane hapo, ikawashwa Novemba 2000, na haikumaliza hata mwezi CCK, tume ya mawasiliano ya wakati huo, wakaizima. Telkom Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa na haki peke yake ya kubeba trafiki ya nje, ililalamika kwamba inaingiliwa. Chama kikapambana, kikajieleza kwamba hawa ni wanachama wanabadilishana vya kwao wenyewe ndani ya nchi, leseni ikapatikana, na Februari 2002 swichi ikawashwa tena. Muda wa kwenda na kurudi ukatoka kati ya milisekunde 1,200 na 2,000 ukashuka mpaka 60 hadi 80. Kampuni moja peke yake isingeweza kesi ile, na kumbuka hawa walikuwa wanagombania wateja walewale.

Ripoti ya Internet Society ya 2020 inasema mwaka 2012 karibu asilimia 30 tu ya trafiki ya Kenya ilikuwa inapatikana humuhumu, ikapanda mpaka kama asilimia 70. Kache za wakubwa kama Google ndo zimechangia sana hapo, lakini kache nazo zinakuja mahali ambapo mitandao tayari inakutana.

Sasa kwako. Kujiunga peke yake hakuwashi chochote. KIXP wanakupa poti kwenye swichi, na kwenye poti unaongea BGP, na BGP unahitaji ASN yako (namba ya utambulisho wa mtandao) na IP zako mwenyewe kutoka AFRINIC, wanaogawa namba hizo Afrika. Wewe leo unatumia IP za provaida, ukienda na poti tupu huna cha kutangaza. IPv4 AFRINIC wanatoa kwa kubana, kuanzia /24 mpaka /22 tu, na makaratasi ni mengi, kwa hiyo anza na hilo kabla ya kulipia poti, na uombe IPv6, IP za kizazi kipya, hapohapo. Bloku ndogo kuliko /24 usijisumbue, hakuna atakayeipokea. Ukishapata, tengeneza ROA zako (hati za kidijitali zinazosema ni ASN ipi inaruhusiwa kutangaza bloku yako) siku hiyohiyo usingoje, kwa sababu siku mtu akikosea akatangaza bloku yako, ROA ndo itakayokutetea.

Na KIXP siyo intaneti, hii naiandika kwa vile nimeona mtu kaelekeza njia yake ya chaguo-msingi (default) kule akashangaa kila kitu kimekufa. Pale unapata njia za waliokubali kubadilishana na wewe basi. Route server, seva ya pamoja pale KIXP, inakurahisishia, sesheni moja unapata njia za wengi, ila mitandao mikubwa mingine haitangazi kila kitu hapo au inataka uwaandikie mkaongee ana kwa ana. Provaida wako utaendelea kumhitaji kwa dunia nyingine yote.

Kwa kuwa wenye mitandao midogo wengi tunatumia rauta za MikroTik ngoja nikae hapa kidogo, maana wageni wengi hufungiwa poti siku ya kwanza kwa mambo haya. Swichi ya kubadilishana trafiki inataka ione MAC address (namba ya kifaa) moja tu kutoka kwako. Usiitie hiyo poti ndani ya bridge (kundi la poti zilizounganishwa pamoja), ukiitia STP (ujumbe wa swichi wa kuzuia mizunguko) itaanza kupiga kelele na MAC za wateja wako zitavuja mpaka kule, poti inajifunga. Neighbor discovery (rauta kujitangaza kwa majirani) zima kwenye hiyo intafesi, kwenye MikroTik huwa imewashwa kutoka kiwandani. Halafu proxy-arp, hii ndo mbaya kuliko zote, mafundi huiwasha kwa ajili ya PPPoE (wateja kuingia kwa jina na nywila) na kuisahau, ukienda nayo KIXP rauta yako itaanza kujibu "ni mimi" kwa IP za wanachama wenzako na trafiki yao itaanza kukuingilia wewe. Simu utakazopigiwa hapo hutazipenda. Kwenye filta toa bloku zako tu, weka kikomo cha njia unazopokea, kataa default, na ulichokipokea KIXP usimtangazie provaida wako, vinginevyo utajikuta umekuwa daraja la Nairobi nzima kwa laini yako ya Kilifi.

Kama pesa inatosha au haitoshi, hiyo usiulize mtu, pima. Washa Traffic Flow (rekodi ya trafiki inakotoka na inakoenda) kwenye rauta ya mwisho, itume kwenye programu ya ntopng au pmacct, iache wiki nzima na wikendi iwemo, halafu panga kwa ASN. 15169 ni Google, 32934 Meta, 2906 Netflix, 13335 Cloudflare. Angalia mtego mmoja: kache iliyo ndani ya provaida hutumia IP za provaida, kwa hiyo usishangae ukiona ASN ya provaida wako ndo inaongoza kwa mbali, hiyo ni YouTube kwa kiasi kikubwa. Baada ya kutoa hiyo, jumlisha ASN za Kenya zilizobaki ambazo ziko KIXP. Tuseme umepata Mbps 150 kati ya 900. Zidisha 150 kwa bei unayolipa Mbps moja, hiyo ndo pesa unayookoa kwa mwezi. Upande wa pili weka ada ya chama, ada ya poti, kebo ya ndani ya data senta, na laini ya kutoka Kilifi mpaka Mombasa, kwa sababu KIXP wana swichi Mombasa pia, huna haja ya kubeba trafiki mpaka Nairobi. Omba karatasi ya bei ya sasa kutoka ofisini kwao, usitumie ya rafiki. Kwa ukubwa wako naona laini ya Mombasa ndo itakayokula hesabu yote, isipokuwa kama tayari una faiba mpaka pale, au uungane na mwenzako wa Mtwapa au Malindi mgawane laini.

Kwa hiyo kwa KIXP ningesubiri, kwanza provaida arekebishe tangazo lake. Kwa chama nisingesubiri, na sababu zake ni nyingine. Kampuni ya watu wanane haiwezi kwenda Mamlaka ya Mawasiliano kubishana kuhusu ada za leseni, wala kwenda kaunti kuuliza mbona malipo ya kupitisha kebo kando ya barabara yamepanda. Chama kinaweza, na wewe ukiwa ndani unaona rasimu mapema na unasema lako kabla halijawa sheria. Kuna pia timu yao ya usalama wa mitandao, iCSIRT, ambayo kwa mtu asiye na mtaalamu wa usalama ofisini ni msaada wa kweli, rauta ya mteja wako ikiwa inajibu maswali ya DNS (kugeuza jina la tovuti kuwa IP) kwa dunia nzima ni afadhali uambiwe na watu hao kuliko ujue siku unatumika kushambulia mtu. Na mafunzo ya BGP, na ile ya kuwajua watu kwa majina: yule mtu wa BGP wa provaida uliyekuwa humpati kwa barua pepe, huwa yuko kwenye vikao hivyo.

Kitu kimoja zaidi kabla sijasahau, kwa sababu kinahusu wewe hata bila KIXP. Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika kulikuwa na mitandao ambayo trafiki ya ndani ilikuwa na njia nzuri kabisa na bado wateja hawakufungua hata tovuti ya .ke. Walikuwa wamewapa wateja DNS ya mbali tu, swali linaenda baharini kabla ya tovuti kutafutwa. Weka resolver yako mwenyewe (seva ya kujibu DNS), programu ya Unbound kwenye kompyuta ya kawaida inatosha kwa wateja wako wote, na wapangie hiyo iwe ya kwanza.

Wenzetu wa Tanzania wanaosoma, hesabu ni hiihii, kwenu chama ni TISPA na swichi ni TIX pale Dar, Arusha nao wana yao AIXP.

Ukishamwandikia provaida mpe siku chache halafu rudia ping. Ikikataa kushuka nitumie traceroute zote mbili, ya kwenda na ya kurudi, zilizopigwa ndani ya dakika zilezile, na uandike saa.